Vipimo vya Bibi Harusi

Nilipomaliza shule ya jioni nilijiona nimemaliza vyuo vyote vya dunia kwa mpigo. Cheti chenyewe kilikuwa karatasi nyepesi, ukikipulizia kinaruka mpaka Pretoria, lakini nilikiwekea fremu nzito kiasi kwamba mwenye nyumba alinionya nisimwangushie ukuta. Tulisomea Jeppestown, hapa Johannesburg, ghorofani, juu ya karakana ya kunyoosha magari yaliyogongwa, na kila mwalimu alipofika kwenye jambo la maana, huko chini nyundo zilianza. Mpaka leo nikisikia bati linapigwa, nakumbuka somo la aina za data.

Somo hilo ndilo lililoniingia kuliko yote. Mwalimu alitufundisha kwamba kila kisanduku kwenye fomu ya mtandaoni lazima kijue kinasubiri nini: namba, maandishi, tarehe, au ndiyo na hapana. Mtu akibonyeza kitufe cha kutuma, programu ikague kwanza ndipo ipokee. Palipotakiwa namba pakija maneno, rudisha, na umwambie kwa upole alichokosea. Wenzangu waliona jambo gumu. Mimi niliona ni kazi yangu ya mchana, kwa sababu mchana nilikuwa mlinzi wa geti kwenye estate moja Midrand, na kukagua nilikuwa nakagua tangu jua linachomoza. Umekuja kwa nani? Nyumba namba ngapi? Mtu anajibu, "Ile yenye mbwa." Hapana, baba, mbwa wapo kila nyumba, nipe namba. Nimewarudisha watu wenye magari yanayoweza kununua wilaya nzima kwetu Kigoma, tena kwa adabu, nikiwa ndani ya koti la kampuni linalonifika magotini. Kwa hiyo mwalimu aliposema programu lazima ijue kukataa, nilitikisa kichwa kama mzee wa kanisa anayesikia mahubiri aliyoyaandika yeye.

Tatizo likawa moja tu: sikuwa na mtu wa kumtengenezea fomu. Nilikuwa kama daktari mwenye koti jeupe na hospitali hana.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani La Rochelle, na chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo alipanga fundi cherehani, mwanamke wa Bukavu. Nilimwita dada, yeye akaniita kaka ingawa alinizidi umri, ila akikasirika nilikuwa "wewe mutoto wa Kigoma." Alishona magauni ya harusi, sare za kwaya, vitenge vya familia nzima kuanzia bibi hadi kitoto cha mgongoni. Wateja wake wengine walikuwa La Rochelle na Rosettenville, wanakuja kwa miguu. Wengine walikuwa Midrand na Pretoria, na hao walimtumia vipimo kwa sauti za WhatsApp. Ungesikia vilio vyake. Mtu anataja kifua, mtoto analia nyuma, honi ya taxi inameza kiuno, anarukia nyonga, halafu anaanza kumsalimia ukoo mzima. Dada anarudisha sauti ileile mara kumi, kalamu sikioni.

"Dada," nikamwambia, "nitakutengenezea fomu. Mtu anajaza simuni, namba zinakuja zimepangwa kama askari."

"Itakula umeme wangu?"

"Haili umeme wako, dada. Inakaa mtandaoni."

"Basi tengeneza. Ikiniharibia kazi, utanishonea wewe."

Niliitengeneza kwa majivuno ya mtu anayejenga reli. Kifua, kiuno, nyonga, mabega, urefu, mkono, aina ya nguo, tarehe ya shughuli, simu. Nikaisambaza kwenye makundi ya kanisa, nikakaa kusubiri askari wangu waje wamejipanga.

Wakaja walevi. Kwenye kisanduku cha kifua mtu kaandika "kama mwaka jana." Kwenye kiuno, "unanijua." Bwana harusi mmoja, urefu wa suruali, kaandika "mpaka chini." Tarehe ya shughuli: "Pasaka, Mungu akipenda." Nikasema, sharp, sasa mtaona nilichosomea. Nikaviambia visanduku vya vipimo visipokee kitu chochote ila namba. Hapo likaja la pili. Wakongo huandika nusu kwa mkato, sisi Watanzania na Wakenya tunaweka nukta. Programu yangu ilipoona mkato ikadhani ni uchafu, ikaufuta, na mama mmoja wa kwaya akawa na kifua cha mita tisa na robo. Dada alinionyesha, akaniuliza kama ashone gauni au hema la mkutano. Nikarekebisha. Likaja la tatu: ndugu yangu mmoja wa Tanzania akaleta kiuno thelathini na nane. Kwetu fundi hupima kwa inchi, lakini programu ilisoma sentimita, na sentimita thelathini na nane ni kiuno cha nyigu. Nikaweka mipaka ya kifua, kiuno na nyonga: chini ya hamsini rudisha, juu ya mia mbili rudisha. Hata simu nilikuwa nimeziita namba, nikakuta zote zimeliwa sifuri ya mbele, kwa kuwa kompyuta haioni faida ya sifuri iliyotangulia. Nikaziita maandishi, sifuri zikarudi.

Mwishoni fomu ilikuwa ngumu kuvuka kuliko mpaka wa Beitbridge, wa kuingia Zimbabwe, mwezi wa Desemba. Ukikosea, maneno mekundu: "Tafadhali andika namba." Ukikosea tena: "Tafadhali wasiliana na fundi."

Basi wakawasiliana. Eish, waliwasiliana! Fomu niliyoitengeneza ili watu wasisumbuke kuja, ikawaleta wote. Walikuja kushtaki.

"Mashine yako imeniandikia kwa wekundu," mama mmoja alifoka mlangoni, mkoba kwapani. "Mimi nimezaa watoto sita, leo naandikiwa kwa wekundu?"

"Ingia, mama, ingia," dada anamwambia huku anacheka. "Nyosha mikono."

Ananyoosha mikono, tepu inamzunguka, na kabla haijafika nyonga ameshasimulia binti yake alivyokataa kujifunza Kiswahili, na mumewe alivyopata kazi ya zamu. Jumamosi chumba kile kilijaa kuliko kituo cha taxi Bree. Wanawake wanasubiri zamu wamekaa kitandani, wengine juu ya marobota ya vitenge, mmoja daima yuko katikati amenyoosha mikono, na kicheko kinafika mpaka kwa mwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo ya barabara. Dada alikuwa anapenda hivyo. Aliniambia kwamba mtu akiwa amenyoosha mikono hawezi kukununia, mikono haimruhusu.

"Mashini yako ni mubaya kabisa," alinisifu. "Inafukuza batu, njo banakuya kwangu."

Yeye Kiswahili chake kimejaa b kama chapati ilivyojaa mafuta, ndiyo yetu kwake ni njo, na mimi nilikuwa namwigiza mpaka ananitupia uzi.

Siku moja nikiwa getini, kwenye mapumziko, nikafungua simu kuona zilizoingia. Nikaona moja imepita. Imepita yote. Kifua kina nusu yake, kwa nukta. Kiuno, nyonga, mabega, kila kimoja sentimita safi. Tarehe imekamilika, siku, mwezi na mwaka. Simu ina sifuri yake. Gauni la bibi harusi. Hakuna hata kisanduku kimoja kilichowahi kukataa, mtu huyu alijaza mara ya kwanza akatuma akaenda zake. Nilifurahi mpaka dereva aliyekuwa anasubiri nimwinulie boom, lile gogo la getini, akapiga honi. Jioni niliposhuka kwenye taxi sikupita chumbani kwangu, nilikwenda moja kwa moja mbele.

"Dada! Amepatikana! Johannesburg nzima, amepatikana mtu mmoja aliyejaza fomu yangu sawasawa!"

Alichukua simu, akasoma mpaka chini, kwenye namba ya simu ya mteja. Nilisubiri acheke. Aliweka simu juu ya cherehani, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayefunika sufuria.

"Ni mudogo wangu," akasema.

Nilijua ana mdogo wake. Kila mtu uani alijua, na kila mtu alijua kutomtaja. Dada alimlea tangu mdogo akiwa mtoto wa shule ya msingi, mama yao alipofariki. Ndiye aliyekuja naye Afrika Kusini, akamsomesha kwa cherehani ileile, mpaka chuo kikuu, mpaka benki. Binti akachumbiwa na Mkenya, mtu wa kompyuta, mpole. Desturi yao ni kwamba familia ya mwanamume inakwenda kujitambulisha nyumbani kwa wazazi, na kama wazazi hawapo, kwa yule aliyelea. Dada alikuwa ameshasuuza vikombe. Halafu akasikia kutoka kwa watu wa kanisani kwamba utambulisho umeshafanyika, Midrand, kwa mjomba wao mwenye sebule ya kukaa watu thelathini. Mdogo mtu alikuwa ameona haya. Chumba kimoja, kitanda, friji, cherehani, marobota. Wageni wa Nairobi wangekaa wapi? Hakuna aliyemtukana mwenzake. Waliacha tu kupigiana simu, na dada akaendelea kujua habari za mdogo wake kwa kutazama picha alizoweka WhatsApp.

"Lakini ametaka wewe umshonee," nikasema. "Johannesburg ina mafundi kama mchanga, amekuja kwako."

"Amekuya?" Akanitazama. "Amekuya wapi? Wewe unamuona hapa?"

Aliinuka, akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango alikotundika karatasi za kukatia, zile anazozichora kwa kila mteja, akachomoa moja ya chini kabisa, ya kahawia, imekunjamana. Akaitandika kitandani, akapitisha tepu juu yake, akaniambia nisome namba za simuni kwa sauti. Nikasoma. Kifua, ileile. Kiuno, kilekile. Mpaka ile nusu.

"Ni gauni lake la kumaliza chuo," akasema. "Nilimupimaka miye. Alisimama pale, karibu na frigo. Ni bipimo byangu."

"Basi vizuri, umeshakuwa na karatasi tayari."

"Kaka, huyu amenona. Nimeona picha. Amenona muzuri, uso umejaa. Hii si yeye wa leo. Mashini yako haikuona?"

Hapo nikajikohoza, nikaanza kutoa somo la Jeppestown, na nyundo zake zote. Nikamweleza kwamba programu inakagua aina. Inauliza, hii ni namba? Ni namba. Iko kati ya hamsini na mia mbili? Iko. Basi ipite. Kama namba ni ya mtu wa leo au wa miaka ile, hilo haiulizi, haina jicho la kuona.

"Kwa hiyo mutu anaweza kudanganya na namba muzuri?"

"Tena kwa namba nzuri ndiyo rahisi zaidi, dada."

Aliikunja karatasi taratibu. Ndipo mimi, kwa moyo mweupe na akili ya siku moja, nikatoa ushauri. Nikamwambia naweza kuiambia programu imrudishie fomu aijaze upya. Kazi ya dakika chache: simu hii ikiandika kiuno hiki, toa wekundu, "Tafadhali wasiliana na fundi." Wengine wote wameletwa na wekundu, naye ataletwa.

Alifikiri. Nje mtu alikuwa anaosha gari na redio juu kabisa.

"Hapana," akasema. "Akikatazwa na mashini, atasema ni miye nimemukatala."

"Basi mpigie simu."

"Mukubwa njo apige?"

Alisema hivyo kwa utulivu, wala si kwa hasira, kama mtu anayekwambia kwamba jua linatokea upande ule. Kwao mdogo ndiye anayekuja. Mimi nina wadogo zangu Kigoma, nilimwelewa, na ndiyo maana sikumbishia. Heri ningembishia. Nilikuwa na mdomo wa kubishana na wenye magari ya Midrand, nikashindwa kumbishia fundi cherehani kwenye chumba kimoja.

"Sasa utafanyaje?"

"Mteja ameandika, nashona alichoandika." Kidogo uso ukamfunguka. "Itamubana. Ikimubana, atakuya nirekebishe. Bibi harusi hawezi kuvaa gauni la kubana mbele ya wakwe. Atasimama pale, karibu na frigo, atanyosha mikono."

"Sharp!" nikapiga kofi. Niliuona mpango wa kijasusi kabisa, nikajiona mkuu wa usalama wa taifa. Tulicheka sote wawili.

Akalishona. Nimeona magauni mengi yakitoka chumba kile, lakini lile, hata mwenye nyumba ambaye haoni kitu zaidi ya kodi alisimama mlangoni akasahau alichofuata. Dada alilishona kwa kipimo kilichotumwa, hakuzidisha wala hakupunguza. Shanga za kifuani alizitia moja moja kwa mkono. Wakati mwingine alikuwa anaongea nalo kwa Kimashi, lugha ya kwao, sikujua anasema nini. Lilipokwisha, mdogo mtu alituma dereva wa kuchukua vifurushi. Dada alimkabidhi, akamwambia mara tatu: "Mwambie ajaribu kulivaa. Mwambie likibana alilete. Alilete mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata alifagia chumba mara mbili. Alihamisha marobota akayapanga ukutani, friji ikaonekana yote. Wateja waliorudishwa na fomu wakaja kama kawaida yao, na dada akawapima, lakini kila gari liliposimama nje tepu nayo ilisimama. Mchana hivi mama mmoja wa kwaya alisimulia jinsi mumewe alivyojaribu kumjazia fomu, akaandika kiuno kwa kukisia kwa mikono yake, hivi, na mama akaonyesha ile duara ya mikono. Chumba kikaangua kicheko mpaka watu wakashika kuta. Dada alicheka akafuta machozi kwa tepu. Alikuwa hajacheka hivyo tangu zile namba zipite.

Jumapili ujumbe ukaja kwenye simu yake. Kwa Kiingereza, mfupi. Gauni limemkaa vizuri kabisa, asante.

Alinipa nisome, ingawa Kiingereza cha namna hiyo alikijua. Nikasoma mara mbili.

"Labda picha zinanenepesha watu," nikasema. "Mimi kwenye kitambulisho changu nimetoka kama waziri."

Hakucheka. "Labda," akasema.

Harusi ilifanyika Midrand, kanisa lenye vioo vingi, siku ya joto la kukausha mate. Dada alialikwa, nami akanichukua nimsindikize. Mjomba na mkewe walikaa kiti cha wazazi. Dada aliwekwa safu ya pili, mahali pa heshima, hakuna wa kulaumu, ila mbele yake palikuwa na kofia ya mke wa mjomba, kubwa kama dishi la setilaiti.

Bibi harusi akaingia. Kanisa zima likageuka. Gauni lilikuwa zuri kuliko nilivyolikumbuka, na juu ya mabega alijitanda mtandio mweupe, mpana, umeshuka mgongo wote mpaka kiunoni. Watu wakanong'ona kwa raha: jamani, mtandio! Wanawake wakatoa simu. Mimi nami nilipendezwa, nikamgeukia dada nimpongeze.

Dada alikuwa haangalii mbele ya gauni. Alikuwa anaangalia mgongo. "Sikushona ile mutandio," akasema.

Baada ya ibada tulipanga mstari kuwapa mkono maharusi. Wakenya walikuwa wanaimba, Wakongo wanajibu, mimi nimeshapoteza sauti. Zamu ya dada ikafika. Mdogo wake alimtazama, akafungua mikono, wakakumbatiana, na waimbaji wakaongeza sauti wakiona ndugu wawili wamekutana. Nilikuwa nyuma yake kabisa, niliona mkono wa dada. Ulikwenda wenyewe mgongoni kwa mdogo wake, juu ya mtandio, kama unavyokwenda kwa mteja yeyote, ukatafuta zipu. Ukasimama katikati. Vidole vikabonyeza taratibu, vikahamia juu kidogo, vikabonyeza tena. Zipu haikufika juu. Kuanzia pale palikuwa na pini.

"Don't, please," mdogo akamwambia sikioni. "It's fine."

Dada akaondoa mkono. "Hongera, mudogo wangu," akasema kwa sauti ya kawaida, akasogea kumpisha anayefuata. Aliyefuata nilikuwa mimi. Nilimpa bibi harusi mkono, nikamwambia maneno fulani ya kuchekesha kuhusu fomu yangu, kwamba ni yeye peke yake aliyefaulu. Alitabasamu kwa adabu. Macho yalikuwa yamemfuata dada yake.

Kwenye chakula nilikaa karibu na mmoja wa wasimamizi wa bibi harusi, msichana wa benki, mchangamfu. Nilipomwambia naishi La Rochelle, nyumba moja na fundi, alifurahi.

"Tulikuja kwenu!" akasema. "Mimi na bibi harusi, Jumamosi ile, kabla hajamwandikia dada yake kwamba limemkaa. Gauni lilikuwa kiti cha nyuma. Tulisimama hapo kwenye spaza."

"Mbona hamkuingia?"

"Kulikuwa na watu wengi. Mlango uko wazi, tunaona wamama wamejaa, wanacheka, yaani wanacheka! Na dada yake katikati anacheka kuliko wote. Akasema, siwezi kuingia pale nimebeba gauni, watajua halinitoshi. Akasema kwanza ona, wala hana habari nami. Tukakaa kidogo, tukageuza gari."

Nilikuwa na kipande cha nyama mkononi. Nilikirudisha kwenye sahani. Maisha yangu yote sijarudisha nyama.

Tulirudi kwa taxi, dada dirishani, mimi kati yake na kijana mwenye kisanduku cha spika. Kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, tuliposimama nilisema moyoni, robot inayofuata nitamwambia. Tulipofika mjini nikamwambia, yote, kama alivyonisimulia yule msichana.

Aligeuka kutoka dirishani.

"Jumamosi ile ya hadithi ya kiuno?"

"Ile."

"Nilikuwa nacheka," akasema.

"Dada, ulikuwa unamsubiri. Ulifagia mara mbili."

"Yeye hakuona nafagia. Aliona nacheka." Akafungua mkoba, akaufunga. "Ningepiga simu tu, kaka. Ningesema, mutoto, umenona, kuya nikupime. Basi. Angenitukana, angekuya."

Nilitafuta kitu cha kumchekesha, mimi ambaye sijawahi kukosa. Nikatafuta mpaka tukashuka.

Fomu bado ipo. Mwezi haukuisha wasichana walipoanza kumwagika, Wakongo, Wakenya, hata Wazulu wawili wa jirani, kila mmoja ana picha ya harusi ile simuni. Wanataka gauni lenye mtandio wa mgongoni. Wanauita mtindo. Wanamsifu dada kwa ubunifu wake, naye anaitikia "aksanti" na pini mdomoni. Wakawa wanauandika mtandio kila mahali, kwenye kisanduku cha mabega, kwenye urefu, na fomu inawarudisha kwa wekundu, mpaka dada mwenyewe akaniomba niuongezee mahali pake.

"Ni kisanduku cha aina gani?" akaniuliza. Siku hizi anauliza aina.

"Ndiyo au hapana tu, dada."

"Weka."

Nikaweka. Wengi huchagua ndiyo. Lakini sasa hakati kitambaa kwa namba za fomu hata zikipita zote bila kosa. Anachukua simu, anampigia mteja mwenyewe, awe mtoto wa jana au mke wa mchungaji: "Kuya nikupime. Hapana, namba yako ni muzuri, lakini kuya." Nilimwambia kwa namna hiyo fomu yangu haina kazi tena. Akasema ina kazi, inamletea namba za simu.

Maharusi walihamia Nairobi, mume alipata kazi kwao, na mdogo mtu akapata benki ya huko. Juzi Jumamosi, jua limeshakuwa la jioni, nimekaa juu ya robota namtengenezea simu iliyojaa picha, dada akaacha cherehani akaniuliza Nairobi sasa ni saa ngapi.

"Wametutangulia saa moja tu, dada."

Nikampa simu. Aliishika, akapangusa kioo kwa kanga, akalitafuta jina, nikaona amelipata. Akalitazama kwa muda ambao ungetosha kutia zipu nzima.

"Atakuwa kazini," akasema, akaiweka, akachukua mkasi.

Benki Jumamosi jioni huwa imefungwa. Anajua yeye, najua mimi. Sikumbishia.